Zamu ya Kadi ya Pili

Kisa chenyewe kilianza na harufu ya nywele zinazoungua, Jumamosi saa sita mchana, na nyumba nzima hakuna aliyekuwa anaunguza nywele.

Verlyn Aasgaard alikuwa dereva mwenzangu wa magari ya kusukuma theluji hapa Duluth, Marekani, mtu wa miaka hamsini, na sifichi: alikuwa mpenda sifa. Kwenye chumba cha chini ya nyumba alikuwa na kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake. Yeye na wenzake wa mtandaoni walipima mashine zao kwa jaribio moja la dakika tatu la kurusha ndege kwenye kioo cha kompyuta, kisha wakapangwa kwa alama. Verlyn alikuwa wa tisa. Ili apande alihitaji kadi ya pili ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora picha za kioo, ya aina ileile kama ya kwanza, na kiwanda kilishaacha kuitengeneza. Akaipata kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, kule Superior, mji wa jirani. Mjane aliyemuuzia hakumtazama usoni.

Akazipachika zote mbili, moja juu ya nyingine, akaziunganisha. Zinafanya kazi kwa zamu: hii inachora picha moja, ile inachora inayofuata, haraka kiasi kwamba jicho halijui. Siku hiyohiyo akawa wa kwanza. Ile harufu akasema ni vumbi la feni.

Halafu mkewe, Janelle, akaanza kulalamika kwamba dakika zinamruka. Anaanza kumenya viazi, anajikuta vimeshaiva. Mtu akiongea, anasikia mwanzo na mwisho, katikati hapana. Daktari akamwambia apumzike.

Verlyn naye aliona kitu kinapepesa kwenye kioo. Akakirekodi, akakipitisha picha moja moja: ya kwanza ndege, ya pili jiko la nyumbani kwake linavyoonekana kutoka darini, ya tatu ndege, ya nne jiko, na mle jikoni Janelle ameinama kwenye sinki na sweta aliyoivaa asubuhi ile, na kila alipozisogeza mbele Janelle akawa anainua kichwa kidogo, kidogo, kama mtu aliyeitwa jina, mpaka akatazama juu moja kwa moja, mdomo ukafunguka, na ndani ya feni ikasikika pumzi yake. Verlyn aliifunga rekodi. Lakini kadi hakuitoa, kwa sababu bado alikuwa wa kwanza, na wiki mbili zikapita.

Aliyeita fundi ni Janelle mwenyewe. Opal Drury, mama mzee anayetengeneza kompyuta, watu humwita hata kwa mambo yasiyo ya kompyuta. Alinusa mlangoni, akashuka bila kuvua buti.

"Hili dude lililomo kwenye kadi halili nyama," alimnong'oneza Verlyn. "Kila picha linayochora ni dakika ya mkeo. Nikiing'oa kadi mashine ikiwa inawaka lakini haina kazi, zote zitamrudia. Ila limeshanisikia. Ukilipatia kazi sasa hivi, litabeba zote liondoke nazo. Usiguse kitu, bwana wewe. Nafuata vifaa garini."

"Sigusi, mama."

Akabaki peke yake. Kwenye kioo ile orodha ya alama ilikuwa wazi, na mtu wa Ohio alikuwa amempita asubuhi hiyo kwa alama kumi na moja. Verlyn akafikiri kwamba baada ya leo hatakuwa na kadi mbili tena, kwamba yule mama ana miguu mibovu na theluji imefika magotini, na kwamba dakika tatu si kitu. Akabonyeza, jaribio likaanza.

Feni zikalia, harufu ikajaa mpaka macho yakamtoka machozi, kitu kizito kikamkanyaga bega na kupanda ngazi hatua kwa hatua, sakafu ya jikoni ikaitika juu ya kichwa chake, mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, na Opal aliyekuwa anarudi akaanguka kwenye theluji akifunika uso.

"Limetoka," Opal alisema alipoingia, analia kwa hasira. "Na limeondoka nazo."

Jikoni, Janelle alikuwepo kitini, halafu kiti kitupu, halafu yupo, halafu kitupu, bila kukoma. Machozi yake yalianzia jichoni na hayakufika shavuni. Verlyn akanyoosha mkono. Ukamgusa, ukapita hewani, ukamgusa.

Alikuwa anasema kitu. Ilibidi akirudie mara nne ndipo vipande vikaungana.

"Ulipata alama ngapi?"

Na Verlyn, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, akamtajia.