Bahasha ya Ticha

Siku ya kwanza ya muhula, duka la picha la Kidevu hujaa watu mpaka nje. Wazazi wote huwa wamekumbuka asubuhi hiyohiyo kwamba watoto wao wanatakiwa kupeleka shuleni picha nne za pasipoti. Kidevu si jina alilopewa na mama yake. Kwa miaka tisa amekuwa akiwaambia wateja, "Inua kidevu," mara mia kwa siku, na watu hawakuona sababu ya kumtafutia jina jingine.

Katikati ya msongamano huo akaingia mwanamke mwenye sare nyeupe ya uuguzi, sweta ya bluu mabegani na raba miguuni. Alimshika mkono msichana wa miaka kumi na sita, akawapita watu wote mpaka mbele.

"Samahanini jamani, nina zamu saa tatu."

"Sista, hapa kila mtu ana zamu yake," Kidevu alisema bila kuinua macho kwenye kamera. "Foleni inaanzia nje."

"Sawa. Siku ukiletwa kwetu umevunjika mguu, na mimi nitakwambia foleni inaanzia nje."

Watu wakaangua kicheko. Kidevu akainua macho, na hapo ndipo alipopatikana.

"Picha ya nini, Sista?"

"Ya fomu. Si yangu, ni ya huyu mdogo wangu. Anaomba shule ya bweni ng'ambo. Wanachukua wanafunzi kutoka mataifa themanini, na nchi yetu nzima wanachukua wawili tu, kila kitu juu yao."

"Wawili tu?"

"Wawili. Kwa hiyo mpige vizuri, asije akakosa shule kwa sababu yako."

Ilitakiwa picha moja. Kidevu alipiga kumi na moja, kisa tu mwenye sare akawie. Sista alichelewa zamu yake kwa nusu saa, na jioni akapigiwa simu na mtu aliyedai kwamba picha ya kumi ina kivuli, je, wanaweza kurudi kesho?

"Mdogo wangu arudi?"

"Hata wewe peke yako unatosha."

Msichana, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, alikuwa amekaa karibu na simu. Akatikisa kichwa, akaendelea na hesabu zake.

Mapenzi yao yalikwenda mbio. Sista alikuwa anamlea mdogo wake tangu mama yao afariki, akitoka wodini anaingia jikoni, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kumuuliza kama amekula. Kidevu aliuliza mpaka ikawa kero.

"Umekula, mpenzi?"

"Umeniuliza mara ya tatu leo."

"Mara ya pili."

"Ya kwanza ulituma meseji."

"Hiyo haihesabiki, hukuijibu. Nijibu kwa maandishi basi, nipate kuisoma nikiwa na wateja wabaya."

Mambo yangekwenda hivyo mpaka mwisho kama si Ticha.

Ticha alimfundisha Kitinda fizikia, na ndiye aliyeiona ile shule na kuleta fomu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Alipiga simu karibu kila jioni kuuliza insha imefika wapi. Kidevu alimchukia siku ya kwanza alipolisikia jina lake likitajwa kwa sauti laini, akaenda kununua shati jipya, kisha akanunua na pasi.

Jumamosi moja walikuwa sebuleni, Kitinda anawasomea insha yake kwa mara ya nne, simu ya Sista ikalia. Sista alitazama jina, akainuka haraka, akatoka nje kwenye kamba ya nguo. Kidevu alimwona dirishani, kageuza mgongo, mkono mmoja kashika shuka lililoanikwa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Vipi?"

"Hamna kitu."

"Ticha anasemaje?"

"Anasema insha ni nzuri mno. Ana hakika kabisa mtoto atachukuliwa."

"Sasa habari njema ndiyo inakuliza?"

"Vumbi."

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, hakukuwa na vumbi mtaa mzima. Kidevu alikaa na kikombe chake cha chai mpaka kikapoa, akihesabu simu zote za jioni tangu muhula uanze, na kila aliyoikumbuka ilimchoma. Maskini, hakujua kwamba Sista alikuwa anateswa na mdudu yuleyule aliyekuwa anamtafuna yeye, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Wiki ya kupeleka maombi ikafika. Fomu na insha zilitumwa kwa kompyuta ya dukani, lakini nakala za vyeti na barua ya mwalimu zilitakiwa kwenda kwa kifurushi. Gari la vifurushi lilipita dukani kwa Kidevu kila Ijumaa saa kumi jioni, na Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alhamisi mchana Sista alikuja mbiombio, akaweka vyeti mezani ili vitolewe kopi, na juu yake bahasha nyeupe iliyogundishwa. Mtu alikuwa ameweka saini ya wino kwa kukata juu ya mfuniko wake, nusu ya saini huku, nusu kule.

"Hii usiiguse. Itie kwenye kifurushi kama ilivyo."

"Ya nani?"

"Ya Ticha."

"Ameandika nini?"

"Kama ningekuwa najua, ingekuwa siri?" Alicheka, akamfinya shavu. "Nachelewa, mpenzi. Kesho saa kumi, usisahau."

Mtu aliyeshughulikia fomu za watu kwa miaka tisa alijua vizuri bahasha ile ni nini. Alishazituma nyingi. Alijua saini inawekwa juu ya mfuniko ili ikifunguliwa ijulikane. Lakini katika saini hiyo alikuwa ameona mwandiko wa Ticha kwa mara ya kwanza, mwandiko mzuri uliolala upande mmoja, akawaza kwamba mtu mwenye mwandiko kama huo hawezi kuwa anaandika habari za fizikia tu. Alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akawasha birika la umeme, akaishika bahasha juu ya mvuke.

Gundi iliachia. Akasoma ukurasa wa kwanza: bidii ya Kitinda, maswali anayouliza, jinsi alivyotengeneza mizani kwa makopo. Moyo ukaanza kutulia. Akafungua ukurasa wa pili.

"Siwezi kumweleza mwanafunzi huyu bila kumtaja dada yake aliyemlea," Ticha aliandika. "Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona mwanamke mwenye moyo kama wake. Yeyote atakayeishi naye ni mtu mwenye bahati kubwa."

Kidevu aliisoma sentensi hiyo mara sita. Alipozinduka na kutaka kugundisha bahasha, akaona mvuke umekula wino. Saini ilikuwa imechuruzika na kuwa doa la bluu. Mbele ya bahasha, kwa herufi za kupigwa chapa, palikuwa na maneno ambayo hakutaka kuyasoma mapema: barua ambayo bahasha yake imefunguliwa haitapokelewa. Nafasi zilikuwa mbili kwa nchi nzima, na yeye alikuwa amemnyang'anya mtoto nafasi yake kwa birika la chai.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa amesimama ofisini kwa walimu, bahasha mkononi. Alikuwa amepanga uongo wa mvua na mfuko uliovuja. Ticha aliitazama bahasha, akamtazama na yeye.

"Ulitumia maji ya moto?"

"Birika," Kidevu akajibu, na uongo wote ukamtoka kichwani.

"Ulifika ukurasa wa pili?"

"Nilifika."

"Basi umeshajua ninavyomwona." Ticha alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Nilimwambia kwa mdomo wangu, miezi mitatu iliyopita. Akaniambia ana mtu wake. Nikamuuliza ni nani huyo, akasema ni mpiga picha za pasipoti. Nilirudi nyumbani nikajicheka."

Kidevu alitamani sakafu ipasuke. Ushindi aliokuwa ameutafuta muda wote huo alikuwa nao tangu zamani, na sasa ulikuwa umemponyoka.

"Nitaandika nyingine," Ticha akasema, akivuta karatasi. "Kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yako. Lakini utamwambia dada yake wewe mwenyewe, leo, kabla gari halijaja. Ukishindwa, nitamwambia mimi."

Kidevu alimpigia Sista akiwa bado kwenye uwanja wa shule.

"Mpenzi, niko wodini, sema upesi."

"Niliifungua bahasha ya Ticha."

Upande wa pili kitanda cha magurudumu kilipita kikigonga.

"Rudia."

"Niliifungua. Niliona wivu. Ameandika nyingine, ninayo hapa, imefungwa. Nisamehe."

"Mtoto amekesha miezi minne kwa maombi haya. Wewe ukaona wivu." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. "Usitie kitu kwenye kifurushi. Nakuja mwenyewe."

Alikuja saa tisa na nusu na sare yake, akaipokea bahasha mpya, akaikagua pande zote mbele ya Kidevu, akaitia, akaufunga mzigo kwa gundi yake mwenyewe. Gari lilipokuja aliukabidhi kwa mkono wake. Kisha akaondoka bila kumtazama. Kidevu alipiga simu ishirini wiki hiyo. Zote ziliita mpaka zikakatika.

Miezi miwili ikapita. Alisikia kwa wateja kwamba Kitinda ameitwa kwenye usaili kwa njia ya kompyuta, na kwamba ameufanyia ofisini kwa Ticha. Siku hiyo alimkosea mteja picha mbili.

Alhamisi moja, kama saa nane mchana, mlango ulifunguliwa. Sista aliingia na gauni la nyumbani na kandambili, nywele amezifunga kitambaa ovyo. Kidevu hakuwahi kumwona hivyo barabarani. Akamwambia mteja wa pekee aliyekuwemo arudi kesho bure, akafunga mlango.

"Amekosa?" aliuliza kwa hofu.

"Amepata."

"Amepata! Sasa mbona..."

"Nina wivu," Sista akasema, machozi yakamtoka. "Amefungua barua pepe, akapiga kelele, akanirukia shingoni. Nikamwambia nakwenda kununua sukari. Sukari ipo, kopo limejaa. Sikuweza kukaa naye chumba kimoja."

Kidevu alivuta kiti cha wateja. Sista akakaa.

"Niliomba shule ileile nikiwa na miaka kumi na saba. Nilichaguliwa. Barua ilifika wiki ileile aliyofariki mama. Kitinda alikuwa na miaka saba, nikawaandikia kwamba sitaweza kwenda. Hajui mpaka leo. Kila Ticha alipopiga simu kusema atachukuliwa, nilikwenda nje nikalia kwenye shuka. Nilikuwa nataka apate na nilikuwa nataka akose. Mtu gani anamwonea wivu mtoto aliyemlea mwenyewe?"

"Mtu wa kawaida."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Mimi nilichemsha maji ili nisome barua ya mtoto wa watu."

Sista alicheka kabla machozi hayajakauka, akajifuta kwa ncha ya kitambaa.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Hospitali nzima wananiita malaika. Hili ningemwambia nani? Wewe peke yako ndiye ninayemjua ambaye wivu wake unatia aibu kuliko wangu."

"Nilikupigia kukuomba radhi mara ishirini."

"Nilihesabu. Ningepokea ya ishirini na moja."

"Basi naomba ya ishirini na moja. Na naomba nikuoe."

"Unaviomba pamoja hivyo, kama picha na kopi?"

"Nimekaa miezi miwili bila wewe, sina muda wa kuviomba kimoja kimoja."

Alimtazama kwa muda mrefu. Kidevu hakuinua uso.

"Utaacha wivu?"

"Siwezi kukudanganya. Ila wivu ukinishika nitakuja kukwambia, kama wewe ulivyokuja leo."

"Sawa," Sista akasema polepole. "Nimekubali. Lakini kwanza twende nyumbani, kuna mtu sijampa hongera yake."

Kitinda alikuwa amekaa sakafuni mbele ya simu iliyowaka ikionyesha ile barua, hana kelele tena. Aliwatazama wote wawili.

"Sukari iko wapi, dada?"

Sista alikaa chini pale pale kwenye zulia na akamwambia yote, barua ya zamani, mama, shuka kwenye kamba. "Ninafurahi mpaka mwili unatetemeka, na wivu nao uko palepale. Nilitaka uusikie kutoka kwangu."

Msichana aliichezea ncha ya zulia.

"Na mimi nakuonea wivu, dada," alisema mwishowe. "Toka nilipoisoma hiyo barua. Wewe utaamka hapa, kwenye kitanda chako. Mimi nitaamka mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayenijua. Nilikuwa naomba useme nisiende."

Neno hilo moja, "usiende," lilikuwa kwenye ulimi wa Sista. Angelisema kwa urahisi kabisa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alilimeza.

"Utakwenda," akasema, akimvuta kifuani. "Utakwenda, na mimi nitaitunza hii nyumba ili uwe na pa kurudi."

Wakalia wote wawili pale sakafuni, wameshikana kana kwamba hakuna mtu mwingine duniani, na Kidevu aliyesimama mlangoni na viatu mkononi akawaonea wivu.