Pumzi ya Silinda ya Nne

Siku hiyo mji wa mpakani wa Kamembe ulikuwa na pilika zake za kawaida. Magari ya Bukavu yalipita, akina mama walishusha vitunguu sokoni, na Mudathiru, fundi wa magari asiyependa maneno mengi, alikuwa garajini kwake akinywa chai. Ndipo shemeji yake Ntabaza alipoingia na injini kuukuu juu ya mkokoteni. Nyuma yake alikuwa mkewe, Zulaikha, dada mdogo wa Mudathiru.

Ntabaza aliipata injini hiyo ng'ambo ya mpaka, kwa muntu asiyemjua. Teksi yake ilikuwa imelala muda mrefu bila injini, na nyumbani walikuwa wameanza kula mlo mmoja kwa siku.

"Ipime, shemeji," alisema. "Kama iko muzuri, tunaifufua. Kama haifai, basi."

Zulaikha akakaa kwenye benchi. Mudathiru akaanza kazi. Oili ilikuwa nyeusi lakini haikuwa na chembe za chuma. Hakuna ufa. Akatoa plagi zote, akaziba tundu la kwanza kwa kidole gumba, akazungusha injini kwa spana. Hewa ikakisukuma kidole kwa nguvu. Silinda ya pili nayo hivyo hivyo. Ya tatu pia.

Ya nne haikusukuma. Ilivuta.

Alichomoa kidole kwa taabu. Akaweka spana chini, akatandaza kitambaa juu ya tundu lile ili aone vizuri. Hakuna aliyekuwa akizungusha kitu. Kitambaa kikazama kidogo. Kikainuka. Kikazama tena, polepole, kama kifua cha muntu aliyelala.

"Ni upepo tu," Ntabaza akanong'ona.

Nje hata jani halikutikisika.

Mudathiru alichukua bisibisi ndefu, ncha yake akaiweka kwenye chuma, mpini akautia sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza injini inayonguruma. Akasikia pumzi. Kisha akasikia sauti, ya upole sana, kama ya mama anayemwamsha mwanawe.

*Zulaikha.*

Dada yake akageuka pale kwenye benchi. "Kaka, uliniita?"

"Hapana. Kaa tu."

Akaondoa bisibisi sikioni. Akamvuta Ntabaza pembeni. "Musiifufue hii. Kaitupe ziwani."

"Kwa nini?"

"Silinda ya nne imekufa."

"Silinda moja tu? Ile inatengenezwa, shemeji. Niambie kweli."

Mudathiru alimtazama dada yake. Aliogopa kwamba akilitaja lile jina, kitu kile kingejua mwenye jina yuko karibu. Akaanza kurudisha plagi.

Ntabaza akaona anawekewa vikwazo na ndugu wa mke. Aliondoka na injini yake bila kuaga, akaipeleka kwa fundi mwingine, huko Gihundwe. Huyo hakuona ubaya wowote, akaifunga kwenye teksi.

Gari likatembea vizuri ajabu. Halikutoa moshi, halikukohoa. Nyumbani chakula kikarudi. Mudathiru alimwomba dada yake asilipande hata siku moja, naye Zulaikha, bila kuelezwa sababu, akakubali. Alikwenda kwa miguu au kwa pikipiki.

Lakini siku ya arusi ya binamu yao huko Gitambi, mvua ilinyesha tangu alfajiri na pikipiki hazikupatikana. Akapanda.

Yaliyofuata aliyasimulia Ntabaza mwenyewe. Walipokuwa wakipanda mlima, injini ilizimika. Alishuka, akafungua boneti. Mvua ilikuwa imekatika. Kulikuwa kimya. Kutoka ndani ya gari akamsikia mkewe akiitika, kwa sauti ya chini:

"Abee."

Kisha: "Nakuja."

Akadhani yuko kwenye simu. Akafunga boneti.

Kiti kilikuwa tupu. Milango imefungwa. Vioo viko juu. Viatu vya Zulaikha vilikuwa sakafuni, vimepangwa sawasawa, vikavu.

Injini ikawaka yenyewe.

Polisi walikuja. Wanakijiji walipekua migomba na mabonde hadi wakachoka. Msikitini dua zilisomwa. Hakuonekana.

Baadaye Ntabaza akarudi garajini na injini ile juu ya mkokoteni. Walichukua nyundo kubwa, wakapokezana kuipiga mpaka chuma kikapasuka katikati.

Ndani, katikati ya kuta mbili, katika njia ya maji ya kupoza injini ambamo hata kidole kimoja hakipiti, palikuwa na alama ya kiganja. Cha mwanamke. Vidole vimetanuliwa, kama vya muntu anayesukuma mlango. Ilikuwa ya hina, na maua yake yote yalisomeka. Ntabaza aliyatambua. Aliyaona yakichorwa asubuhi ile ya arusi.

Mudathiru akagusa kwa ncha ya kidole.

Hina ilikuwa bado mbichi.