Pete ya Inspekta Kapera

"Dada! Njoo uone! Shemeji kavaa pete!"

Nilitoka jikoni kwa mdogo wangu, kisu cha viazi mkononi. Kwenye runinga Inspekta alikuwa anamhoji mwizi wa magari. Mkono juu ya meza, pete inang'aa waziwazi. Na Inspekta ni kapera! Kila wiki mama yake wa kwenye tamthilia humsumbua aoe.

"Makubwa haya! Si wewe ndiye mkaguzi wa mambo hayo?"

Ndiye mimi. Kazi yangu kwenye tamthilia hiyo ni kuhakikisha kifungo cha mwigizaji kilichokuwa wazi asubuhi kinabaki wazi jioni. Inspekta naye ni mume wangu wa ndoa. Miaka sita, kabla ya kurekodi hunipa mkono nimvue pete, naivaa dole gumba mpaka tumalize.

Mwezi uliopita mama yangu alipasuliwa. Mume wangu aliahidi kuja hospitali. Hakuja, na simu kazima. Nikahamia kwa mdogo wangu, anakouguzwa mama. Kazini tukabaki kuambiana "sogea kushoto" tu.

Simu ikaita. Mwongozaji.

"Wewe mama! Watu wanauliza Inspekta kaoa lini! Hukuiona hiyo pete?"

"Niliiona, bosi."

"Uliiona ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Kesho saa mbili uje na maelezo. Huna maelezo, njoo uchukue vitu vyako."

Kabla sijaishusha simu, ujumbe ukaingia: "Niko mlangoni."

Nikafungua. Mume wangu, bado na shati la Inspekta.

"Nimempigia bosi. Nimemwambia kosa ni langu."

"Nani kakutuma?"

"Hivi, uliiona?"

"Macho haya! Kitu gani kinanipita?"

"Mbona hukuniambia nivue?"

Nikamnyooshea kile kisu cha viazi.

"Ningekuambiaje? Ungeivua ukaitia mfukoni, kama ndoa imekwisha, na mimi ndiye niliyekuamuru. Sikuweza."

"Mimi nilikuwa nasubiri uje uichukue kama siku zote. Ulipopita bila kunitazama, nikasema basi, hapa haitoki."

Nikamwangalia. Alikuwa amekonda.

"Siku ile ya mama sina utetezi," akasema. "Bosi alitaka tumalize, nikazima simu, nikajidanganya kwamba utaelewa. Niliwaacha peke yenu. Nisamehe, mke wangu."

"Iliniuma sana. Bado inaniuma."

"Najua. Anaendeleaje?"

Sauti ikatoka chumbani:

"Muulizeni mwenyewe, bado nipo hai! Na wewe binti, weka hicho kisu chini, mkwe wangu apite!"

Asubuhi bosi alinifokea nusu saa, akanipa barua ya onyo. Kisha akashusha pumzi.

"Waandishi wamebadilisha hadithi. Inspekta alioa kwa siri. Mama yake atagundua wiki ijayo."

Tulipoanza kurekodi, mume wangu akaninyooshea mkono kwa mazoea, nimvue pete. Nikaukunja ule mkono, nikamrudishia. Nikafungua daftari langu la kazi, nikaandika: *Pete. Mkono wa kushoto. Isivuliwe.*