Sauti Iliyokwama Kwenye Diski

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye kibanda cha fundi Dalmas, hapa Manyatta, Kisumu, kuchukua laptopu ya mwanangu. Safari hizo zilikuwa zimenichosha. Kila nikienda, naambiwa kesho, Mama. Mara stima imepotea, mara memori aliyoagiza haiingii kwenye mashine ya zamani kama ile. Jioni hiyo nilikuwa nimeapa, Mungu anisamehe, kwamba sitoki pale mikono mitupu.

Laptopu ilikuwa ya Calvince. Alienda Usenge kununua omena, wale dagaa wa ziwani, mashua ikapinduka, na ziwa halikumrudisha. Tulingoja ufuoni mpaka wazee wakasema imetosha. Sisi watu wa ziwani, mwili usipopatikana, tunazika tunda la yago badala yake. Tunda refu, zito, limefungwa shuka. Nililia juu ya tunda.

Lakini sauti yake ilibaki ndani ya laptopu. Alikuwa amejirekodi akisoma Zaburi kwa ajili ya ibada ya vijana. Anasoma hadi mwisho, ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Mama..."

Hapo mashine inakwama.

Kiduara kinazunguka. Ndani kitu kinagonga. Ko... ko... ko. Nazima, nawasha, nasikiliza Zaburi yote upya, na inakwama palepale. Nimeomba. Nimefunga. Siku moja nusura niipige ukutani. Nilitaka tu kusikia alichotaka kuniambia.

Dalmas alinieleza kwamba diski ya zamani inakufa, ndiyo inayogonga, na memori nayo ni ndogo. Ataweka diski mpya isiyozunguka wala kutoa sauti, aongeze memori, kisha ahamishe kila kitu.

Kwa kawaida hunitania kwamba mashine yangu ni ajuza, inataka kubebwa mgongoni. Jioni hiyo hakunitania. Alinisogezea kiti. Laptopu ilikuwa inawaka mezani, na kando yake ilikuwepo diski ya zamani, kwenye mfuko wa nailoni.

Ndani ya mfuko mlikuwa na maji.

"Uliimwagia?"

"Hapana, Mama. Kila nikiipangusa, yanarudi."

Nikanusa. Matope ya ziwa... omena mbichi.

Kisha nikasikia. Ko... ko... ko.

Diski ile haikuwa imeunganishwa na kitu chochote.

Dalmas akaniomba nikaisikilize rekodi nyumbani. Alisema yeye ameisikiliza mara moja, na inamtosha. Nikakataa. Nikamwambia nimezungushwa vya kutosha, aicheze hapo hapo.

Akabonyeza. Calvince akasoma Zaburi, polepole, kama alivyofundishwa kanisani. Akanyamaza.

"Mama..."

Haikukwama.

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele. Mabati. Sufuria. Watu wengi wakipiga kwa pamoja.

Kelele hiyo kila mtu wa Kisumu anaijua. Jioni nyingine nyawawa, wale roho wa ziwani, hupita na upepo, na kila mtaa hupiga sufuria na mabati ili wasisimame, waende mbele. Mchungaji wetu anasema ni upepo tu, Mkristo asipige. Lakini walipopita baada ya kuzika lile yago, mimi na uchungu wangu nilipiga kuliko jirani zangu wote. Nilipiga mpaka sufuria yangu ikabonyea.

Ndani ya rekodi, sufuria moja ilikuwa karibu kuliko zote. Mlio wake ulikuwa wa sufuria iliyobonyea.

"Mama," Calvince akasema, "mbona unanifukuza?"

Dalmas alikuwa ameinamisha kichwa. "Tarehe ya rekodi ni ya kabla ya ile safari ya Usenge," akanong'ona. "Sikuongeza kitu, Mama. Haki."

Nilimpelekea mchungaji rekodi ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia Zaburi, basi. Akaniombea nipate usingizi.

Jana jioni upepo ukatoka ziwani. Mbwa wakanyamaza. Jirani yangu Metrine akaanza kupiga bati, wengine wakafuata, mtaa wote ukalia. Akaniita kupitia ukutani, "Mama Calvince, piga!"

Sikupiga. Niliweka sufuria chini, nikasali, nikafungua mlango.

Upepo ukaingia. Ukapita miguuni pangu, baridi, ukinuka omena. Kisha nikasikia kelele ya mabati ikihamia mtaa wa pili, kama kawaida, mpaka kukawa kimya.

Diski ya zamani niliifungia kabatini. Nimeiangalia. Imekauka, haigongi tena.

Kinachogonga sasa ni mlango wa chumba cha Calvince. Kutoka ndani.

Nimesimama hapa tangu jana. Nimemwambia, mwanangu, sikufukuzi. Nimemwambia, sema, nakusikia.

"Mama..." anasema.

Kisha anakwama.

Ko... ko... ko.