Kupotea kwa Kitanda-Meza

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, Futi alivuta turubai lililotundikwa kama pazia kwenye kona ya karakana, akakuta nyuma yake ukuta mtupu. Kazi yake ya miezi minane haikuwepo. Alichungulia kulia, akachungulia kushoto, halafu akaketi juu ya maranda, akalia.

Kilichopotea hakikuwa kitu cha kutia mfukoni. Kilikuwa kitanda ambacho mchana hugeuka meza ya watu sita, na ukitaka nafasi ya kupita hukunjwa tena kikabaki bapa moja: urefu mita mbili, upana mita moja, unene shubiri. Futi alikibuni kwa ajili ya watu wanaoishi chumba kimoja na wamechoka kulia chakula kitandani. Saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo, meneja wa fleti mpya za kupangisha angekuja kukitazama. Akikipenda, karakana ingekuwa ya Futi. Baba yake alishaahidi mbele ya watu. Asipokipenda, wangerudi kwenye makabati ya milango mitatu, na Futi asiguse tena penseli ya kubuni. Hilo nalo baba alilisema mbele ya watu.

Baba, aliyekuwa ameingia saa moja kamili, hakupiga simu polisi. Alimpigia dada yake mkubwa, ambaye alikuwa polisi miaka ishirini na minane na sasa amestaafu, anafuga kuku na kuwahoji wajukuu kuhusu biskuti.

Shangazi alifika saa mbili na dakika kumi. Hakuingia ndani moja kwa moja. Mvua ilikuwa imeanza jana saa kumi na moja jioni, wakati wanafunga, ikanyesha mpaka alfajiri, na ua mzima ulikuwa tope. Aliuzunguka pembeni, amekunja gauni kidogo, akitazama chini. Kulikuwa na nyayo za watu wanne zilizoingia, za baba, Futi na mafundi wao wawili. Alama ya gurudumu hata moja hakuiona.

"Kina uzito gani hicho kitu?" alimuuliza Futi.

"Mtu mmoja anaweza kukikunja na kukilaza, shangazi, nilikitengeneza hivyo makusudi. Lakini kukibeba hawezi. Tunakisogeza kwa kitoroli."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, akaingia.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kulikuwa na meza za kazi, katikati mashine ya kupasulia, na nyuma marundo mawili ya mbao: la kushoto lililokauka mwaka mzima, na la kulia lililoletwa mwezi uliopita. Rundo la kushoto lilipangwa kwa ustadi, vijiti vya kupitisha hewa kati ya safu na safu, mbao nyingine ndefu zimeegemezwa ubavuni, na vyuma vitatu vizito juu yake. Kitoroli kilikuwa mahali pake, kikavu. Kufuli ya mlango haikuwa na hata mkwaruzo.

Funguo zilikuwa tatu. Mmoja alikuwa nao baba. Wa pili alikuwa nao Mzee Randa, fundi mkuu, ambaye kwa miaka thelathini ndiye anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kuchemsha chai. Wa tatu ulikuwa kwa Mama Sponji, mshonaji wa makochi, mwanamke mfupi mwenye maneno marefu.

Shangazi alianza na huyo wa mwisho, kwa sababu baba alishamnong'oneza kwamba juzi kulikuwa na ugomvi. Mama Sponji hakuukana. Alisema ndiyo, alimwambia Futi kwamba samani za siku hizi zimekonda kama zimetoka hospitali, hazina sponji, hazina kitambaa, na mshonaji atakula nini. Kusema amesema. Kuiba hajaiba. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wake na mkoba ulikuwa chini ya mto wake.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Pale." Alionyesha kwa kidevu rundo la kushoto. "Nilikaa pale nikala, nikakaa pale nikakata kitambaa mpaka saa tisa. Miguu chini, kitambaa mapajani. Hapa hakuna kiti cha maana, na ni karakana ya samani. Andika na hilo."

Shangazi hakuwa anaandika. Alimtazama Mama Sponji, akatazama rundo, akauliza kama jana lori la mbao lilikuja. Halikuja.

Aliyefuata alikuwa shemeji yake Futi, mume wa dada yake, muuzaji katika duka kubwa la samani mjini. Ushahidi dhidi yake ulitosha kumnyima mtu usingizi: wiki iliyopita aliazima ufunguo wa baba mkwe kuchukua kabati, ana gari la kubebea mizigo, na jana saa kumi alasiri alionekana akikipiga picha kitanda-meza kila upande. Aliitwa, akafika saa nne, amelowa jasho kabla hajaulizwa.

Picha zipo, alisema. Kazipiga kwa ajili ya mke wake. Kwao seti ya makochi imejaa sebuleni kiasi kwamba wanapita ubavu, na mke wake ameapa kuwa kitanda-meza cha pili kikitengenezwa ni chake. Alitoa simu, akaonyesha ujumbe wa mkewe. Ulikuwa na maneno makali juu ya makochi na juu yake pia. Hata baba alicheka, ingawa hakuwa na mpango wa kucheka siku hiyo.

"Nje gari lako limeacha alama nzuri tu kwenye tope," Shangazi akamwambia. "Ungekuja kuiba, ningeziona mapema. Kaa hapo unywe chai."

Mzee Randa alihojiwa kwa dakika tatu. Alifungua saa kumi na mbili, akachemsha chai, hakuona mtu. Akamwita Futi "mwanangu" mara mbili, akarudi kunoa patasi ambayo ilikuwa na makali tayari. Futi alimwonea huruma. Alidhani mzee anaumia kwa ajili yake.

Saa tano kasoro robo Shangazi aliwakusanya wote nyuma, mbele ya rundo la kushoto, kila mtu na kikombe chake.

"Mama Sponji, kaa pale ulipokaa jana."

Mama Sponji aligeuka, akarudi kinyumenyume, akagonga kiuno. Alijaribu kuruka kidogo. Akajaribu kwa upande. Chai ilimwagika na makalio hayakufika.

"Mbona limekua?" aliuliza.

"Ndilo swali langu," Shangazi alisema. "Jana ulikaa miguu chini. Lori halikuja. Rundo haliwezi kupanda usiku mmoja bila kuongezwa kitu. Na kitu chetu hakikutoka, kwa sababu kisingetoka bila gurudumu na tope halina gurudumu ila la gari lililokuja baada yangu. Kwa hiyo kimo humu, na humu hakuna pengine pa kulaza kitu cha mita mbili."

Baba na shemeji walikwishaanza kuondoa mbao. Safu ya nne ilipotoka, ubao laini uliopakwa vanishi ukaonekana. Futi alijikuta anacheka na kulia kwa pamoja.

"Sasa mwizi," Shangazi aliendelea, na hakuinua sauti. "Mwizi huficha mali haraka. Huyu kaweka vijiti, kavipanga sawasawa, na juu kaweka vyuma. Mbao zilizokauka mwaka mzima hazihitaji chuma. Chuma unaweka juu ya kitu kilichopinda ukitaka kinyooke. Huyu alikuwa anakitibu. Fundi, uliogopa nini?"

Mzee Randa aliweka kikombe chini taratibu.

"Nilikifungua asubuhi nikifute," alisema. "Nikataka kitokee safi. Bawa la meza, ule ubao wa pembeni unaokunjuka, likagoma kuingia. Unyevu wa mvua ulikuwa umelipinda. Mwanangu aliniambia mbao itoke rundo la kushoto. Mimi niliona ubao mmoja kule kulia, una mistari mizuri, nikasema huu ndio utakaompendeza mgeni. Nikamwambia umekauka."

Kila mmoja pale alishawahi kuchekwa na Mzee Randa kwa sababu ya mbao mbichi.

"Ungeniambia tu," Futi alisema.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kushika msumeno. Ningekuambia na uso gani? Nikakisogeza kwa kitoroli, nikakilaza kati ya mbao. Nikafikiri, nikikibana mpaka saa nane kitanyooka, nikirudishe, nitasema tulikosea kutafuta."

"Kitanyooka?" Shangazi aliuliza.

"Hakinyooki. Najua hakinyooki."

Futi alikuwa na hasira, na aliisema. Alimwambia amelia sakafuni kama mtoto, na Mama Sponji ametazamwa kama mwizi, kwa sababu ya ubao mmoja. Mzee alipokea yote bila kujitetea, akamwomba Mama Sponji radhi, kisha akamwomba na Futi. Mama Sponji alisema amesamehe, lakini kwa sharti la kiti cha kulia chakula. Futi alifuta macho kwa kiganja chenye vumbi, akatazama saa ukutani.

"Bawa ni moja tu," alisema. "Tuna saa nne. Mzee, chagua ubao rundo la kushoto. Safari hii nasimama nawe."

Shangazi aliondoka kwenda kulisha kuku. Shemeji alishika mbao, baba akapasua, Mzee Randa akapiga randa mpaka ubao ukang'aa wenyewe, na Mama Sponji, bila kuombwa, akashona mikanda ya kubania godoro ambayo Futi alikuwa hajaifikiria. Saa nane na dakika hamsini bawa liliingia mahali pake bila sauti.

Meneja alikuwa mwanamke mkimya. Alikikunja kitanda-meza kwa mkono mmoja, akakikunjua, akakilalia na viatu vyake, akaketi mezani. Alirudia yote mara tatu, akasema anataka ishirini na vinne. Kisha akamgeukia baba, kwa kuwa ndiye mwenye mvi na jina lake ndilo lililo mlangoni, akamuuliza vitakuwa tayari lini.

Baba alichukua ufagio.

"Mimi hapa nafagia tu," alisema. "Muulize mwenye karakana."

Meneja alimgeukia Futi. Nyuma yake Mzee Randa alikuwa ameinamisha kichwa. Futi alitaka sana kusema wiki tatu, kwa sababu wiki tatu ndilo jibu ambalo wageni hupenda. Alivuta pumzi.

"Miezi miwili," alisema. "Rundo la kushoto litatoa vinane tu. Mbao za vingine bado hazijakauka."

"Nitasubiri," meneja akasema, na Mzee Randa akainua kichwa.