Disketi ya Shefu

"Usitumie kufuli ya zamani. Wanaifungua."

Amri ya makao makuu ilikuwa hiyo tu. Esha aliisoma kwenye Thuraya yake, simu ya setilaiti, akaifuta.

Rumonge, 2002. Vita inanguruma milimani, silaha zinavuka ziwa. Saa tisa alasiri boti nyingine ya silaha ingefika Gitaza, na wanajeshi wa upande wake walikuwa wameshajificha kuinasa. Pale, kati ya wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, alikaa jasusi mwenzake, Anastasie. Hakujua kwamba Providence, jirani yake wa chanja, ndiye macho ya wauza silaha.

Ilibidi Anastasie aambiwe kwa maandishi, kimyakimya. Maadui wakiusoma ujumbe huo kabla yake, anakufa hapohapo.

Kompyuta ya mfukoni ya Anastasie ilikuwa na kufuli mpya ya kuficha ujumbe tayari. Iliyobaki ni Toshiba ya Esha, kompyuta isiyo na betri, nyuma ya ghala la mawese. Akaandika mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio: programu ya ujumbe ijengwe kwa maktaba mpya ya usimbaji, yaani ile kufuli mpya. Akaanzisha ujenzi wa programu, akatoka uani kutafuta mtandao.

Umeme ukakatika. Fundi Mbaraka akawasha jenereta, akaanzisha ujenzi upya. Dakika arobaini! Esha akarudi, akakagua pakiti, programu iliyojengwa.

Maktaba ya zamani.

"Haiwezekani!"

Akaandika tena, herufi kwa herufi. Akatoka tena. Jenereta ikakohoa, ikazima, ikawaka. Dakika arobaini nyingine.

Maktaba ya zamani!

Alipiga meza mpaka kikombe kikaruka. Alitaka kulia, alitaka kumpiga mtu, na hakujua nani.

Saa nane kasoro dakika tano. Akaandika mara ya tatu. Safari hii hakutoka. Jenereta ikazima, kama kawaida yake, na Mbaraka akaiwasha. Kisha, taratibu, kwa adabu zote, akachomoa disketi mfukoni, akaichomeka kwenye mashine.

Esha akamdaka mkono.

"Hiyo ni nini?"

"Mipangilio ya shefu, mkubwa wetu, dada. Kuranti ikirudi, tunaanza na disketi ya shefu. Iko utaratibu."

"Yaani kila nikiandika, wewe unafuta?"

"Sifuti, dada. Narudisha ya zamani."

Jamani! Bastola ya Browning ilikuwa kiunoni mwake, na kwa sekunde moja aliikumbuka. Aliivunja disketi vipande viwili badala yake, akaanzisha ujenzi upya.

"Shefu atauliza," Mbaraka alinong'ona.

"Mwambie aniulize mimi. Kaa na jenereta. Ikizima, utakimbia mpaka Muhuta kwa miguu."

Haikuzima.

Saa tisa kasoro dakika kumi na tano, akakagua. Maktaba mpya. Akatuma: *Providence ni wao. Mkamate kabla hajatoa ishara.*

Akasubiri. Saa tisa ikapita. Saa tisa na robo. Esha alilaani disketi, jenereta, shefu na ukoo wake.

Thuraya ikalia.

"Boti tunayo," Anastasie alisema. "Bunduki zote. Hakuna aliyekufa."

"Na Providence?"

"Nimemfunga kwa kitenge chake." Sauti ikakatika kidogo. "Esha, nilikuwa nimeshamwambia jina langu la kweli. Saa nane na nusu. Niliona ujumbe wako unachelewa, nikaogopa, nikataka mtu wa kuwapelekea watoto wangu habari nikifa."

Esha akachukua ufunguo wa gari.

"Hama nyumba leo, huenda jina lako limeshafika kwao," alisema. "Nakuja na gari."

Akavaa miwani yake ya jua, akampita Mbaraka bila kumtazama, akaenda.