Sarafu ya Tokiko

Aliyenisimulia ni rafiki yangu Tokiko, tena kwa hasira, kana kwamba kosa ni langu. Mumewe, Genzo, alimtesa miaka ishirini, akafa, na bado akawa anamjia ndotoni. Basi adhuhuri moja Tokiko akaenda hekaluni kuomba atenganishwe naye kabisa.

Pochini alikuwa na sarafu moja tu, ya yeni tano, ile ya njano yenye suke la mpunga na tundu katikati.

"Wee dada, usitoe hiyo!" muuza hirizi akamkemea. "Hiyo ni ya kuomba uunganishwe na mtu!"

"Hebu nipishe! Miungu si viziwi, wamesikia ninachotaka!"

Akaitupa kwenye sanduku la sadaka. Ikabingirika humo gizani, ikabingirika, ikabingirika, wala hakuisikia ikianguka.

Akarudi nyumbani akisonya njia nzima. Alipofungua mlango, mlio uleule wa kubingirika ukamjia kutoka kwenye giza la korido, ukakoma kwenye kidole chake cha mguu.

Ilikuwa sarafu ya yeni tano. Tunduni ilikuwa imefungwa uzi wa buluu, uleule ambao Tokiko alishonea kifungo cha koti la Genzo, koti lililochomwa pamoja na maiti yake siku ya mazishi.